Kidawa na Njia ya Mawe Matatu

Sogeeni, wajukuu zangu. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mnachambua mchele, sogeeni pia. Wewe Mwanakombo, acha kutafuna! Nataka kimya, nisikie mnavyopumua, maana hadithi ya leo ni ya pumzi.

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale jua lilikausha mbuga yote. Ikabaki chemchemi moja tu, juu kabisa mlimani. Nyati wakasema, "Ni yetu." Kongoni wakasema, "Ni yetu sisi, watoto wetu wanakufa kwa kiu." Wakabishana, wakabishana wee! Mwisho wakakubaliana: kila upande utoe mkimbiaji mmoja. Waanzie bondeni jua likichomoza. Atakayekunywa kwanza, ukoo wake uichukue chemchemi.

Nyati wakamwomba Duma akimbie badala yao. Kongoni wakamchagua Shababi, kijana wao mwenye kifua kipana.

Sasa, kongoni wa siku hizo walikuwa na desturi yao. Mkimbiaji huwekwa ndani kama mwari. Siku arobaini haoni jua. Analishwa majani laini, analala. Anaamshwa, analishwa, analala tena. "Asimalize nguvu zake," wazee walisema. Shababi akala, akalala. Akanenepa huyo! Akang'aa kama kapakwa samli.

Alikuwa na dada yake, tumbo moja, jina lake Kidawa. Kidawa alimlea bibi yao asiye na meno. Bibi hali bila magadi, na magadi yako huko juu, chini kidogo ya chemchemi. Basi kila siku Kidawa alipanda mlima. Njiani kuna mawe matatu makubwa. Siku ya kwanza alipumzika kwenye mawe yote matatu. Huko juu hewa ni nyembamba, kifua kinawaka moto! Siku ya kumi akapumzika kwenye mawili. Siku ya ishirini, kwenye moja. Siku ya arobaini hakupumzika popote. Hu-ha, hu-ha, ko-ko, ko-ko, mpaka juu.

Siku ikafika. Shababi akatolewa nje. Akakimbia hatua ishirini za kujaribu miguu, puu! Akakaa kitako.

"Jamani, pumzi yangu imekwenda wapi?"

Nyati wakacheka mpaka wakakohoa. "Mwari wenu anataka mkeka!"

Kidawa akajitokeza. "Nitakwenda mimi."

"Wewe? Mchukua magadi?" wazee wakaguna.

"Mimi huyo huyo. Kifua, mama alitupa sawasawa, mimi na Shababi. Pumzi nimeitafuta mwenyewe."

Wangefanya nini? Jua lilikuwa linachomoza. Wakamwachia.

Fyuuu! Duma huyo, vumbi tupu! Kidawa ko-ko, ko-ko, nyuma yake. Kwenye jiwe la kwanza akamkuta Duma amelala kivulini, ulimi nje.

"Dada, kwato zako zinasinzia?"

"Zinakwenda, kaka."

Fyuuu! Duma akampita tena. Kwenye jiwe la pili, Duma chini, ulimi nje, na safari hii hakutania. Kidawa akalamba umande kidogo kwenye ufa wa jiwe, akaendelea. Hu-ha, hu-ha. Nyuma yake, fyuuu! Duma akapita mara ya tatu, lakini fyuuu yenyewe ilikuwa nyembamba.

Kidawa akafika jiwe la tatu. Kifua kikawaka kama siku ile ya kwanza. Akajiambia, "Hapa napajua. Hapa panauma, halafu panapita." Akawafikiria watoto kule bondeni, midomo mikavu. Hakusimama.

Na Duma? Alikuwa amejinyoosha, hatua kumi tu kutoka chemchemi.

"Dada, ningoje nipumue, tufike wote."

"Pumua, kaka. Mimi napumua huku nakwenda."

Akampita. Akainamisha kichwa. Akanywa.

Wajukuu zangu, mwili tunazaliwa nao, lakini pumzi ndefu hujengwa kila siku, mlima kwa mlima, na kulala hakuijengi.

Basi watoto wa Kidawa wakarithi chemchemi, na pumzi ndefu hadi leo. Nyati wakarithi matope. Duma akarithi kuhema baada ya kila mbio. Na Shababi? Alirithi kazi ya kumpandishia bibi magadi, kila siku, na ulipotimia mwaka alikuwa hapumziki hata kwenye jiwe moja. Hadithi yangu imefika juu, nayo inakunywa maji hapo.