Mazishi ya Vifaranga wa Bi Mtetea

Masika ya mwaka huo yalikataa kuisha. Mvua ilinyesha mpaka mashimo ya panya yakafurika, na Bi Mtetea, kuku mwenye vifaranga tisa, hakuwa na pakavu pa kuwalaza. Ndipo Fisi alipojitokeza, meno yote nje.

"Shemeji, banda langu liko tupu," alisema. "Ingieni kuku wote wa mtaa. Sitaki chochote. Hata msiba ukitokea, mazishi juu yangu."

Ukarimu wa Fisi! Bi Mtetea alipaswa kushtuka papo hapo, lakini wanawe walikuwa wanatetemeka. Akaingia.

Waliingia na wengine, wakubwa kwa wadogo, wakabanana hadi kugeuka kukawa kazi. Pumba za mpunga zilizotandazwa sakafuni zikalowa, zikachanganyika na kinyesi, na chombo cha maji kikakaa katikati ya uchafu huohuo. Kila Bi Mtetea alipoomba pumba kavu, Fisi alijibu, "Kesho, shemeji." Vifaranga wakaanza kujikunyata, mabawa chini, wakihara damu. Kwa siku nne, watatu wakafa.

Fisi alilia kuliko wafiwa. "Nyinyi kaeni matangani," alisema, "kuzika niachieni mimi." Akaondoka na maiti, akarudi akijilamba midomo.

Sungura alipokuja kuhani, alichungulia bandani, akaziba pua, kisha akalitazama tumbo la Fisi. Bi Mtetea akamvuta kando.

"Kaka Sungura, nimebakiwa na sita. Nao wakienda, mimi sina tena maisha."

"Futa machozi. Banda hili atalisafisha mwenyewe."

Sungura akasimama mbele ya wafiwa, akakohoa. "Poleni sana. Ugonjwa huu unapenda unyevu na msongamano. Kifaranga hudonoa kinyesi cha mgonjwa, naye akaugua. Marehemu akizikwa, hakuna neno. Ila aliyemla, ole wake! Siku ya saba anaota manyoya na kuwika."

Uongo mtupu huo wa mwisho, lakini Fisi aliruka. "Dawa hakuna?"

"Ipo. Mlaji mwenyewe azoe uchafu wote, atandaze pumba kavu, asafishe chombo cha maji na kukiinua juu, awatenge wadogo na wakubwa. Amalize kabla ya jua kutua."

Fisi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alizoa kwa miguu yote minne, akabeba pumba kwa mdomo, akatoboa madirisha hewa ipite, jasho likimchuruzika. Wafiwa walikaa tu wakimtazama. Alipomaliza, akajipapasa shingoni kuona kama manyoya yameanza.

"Ahsante, shemeji," Bi Mtetea alisema kwa hasira. "Lakini dawa hiyo ni ya mlaji. Wewe ilikuhusu nini? Tuonyeshe makaburi ya wanangu."

"Niliwaonja tu!" Fisi akaropoka.

Kuku wote wakamvamia kwa midomo na kucha, wakamkimbiza hadi ng'ambo ya kilima, na banda likawa lao. Kifaranga mmoja zaidi hakupona, alikuwa amezidiwa. Watano waliobaki waliinua mabawa yao, wakaanza kugombania mtama, na mama yao akawakaripia kwa ulafi huku akilia kwa furaha.

Nawe unayefuga, shika koleo lako leo. Fisi wa kukusafishia hapatikani tena.