Gamba la Nne la Bibi Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Wameitika watoto peke yao. Watu wazima nao wana midomo. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule yao ya sekondari, ng'ambo ya mto. Walivaa sare. Waliamka mapema. Walichelewa vilevile.

Katika kidato cha tatu alikuwamo Kakakuona mmoja, jina lake Tunu. Mnamjua kakakuona? Mwili wote magamba, isipokuwa tumbo. Akiogopa, hujikunja. Viringi! Anakuwa mpira. Fisi atamgeuza na kumgeuza, hatapata pa kuuma.

Siku moja Mwalimu Korongo, mwenye miguu mirefu na maneno mafupi, alisimama mbele ya darasa. Akasema, "Kutakuwa na shindano la kutunga hadithi. Jani moja la mgomba. Utasoma mbele ya wazazi, kisha utanikabidhi jani. Kengele ya chakula ikilia, sipokei tena. Hadithi itakayoshinda itatundikwa ukutani."

Moyo wa Tunu ukadunda. Nyumbani alikuwa na bibi yake, Bibi Somoe, mzee sana. Jambo alilolifanya mwaka wa moto mkubwa halikuandikwa popote. Tunu akawaza: likitundikwa ukutani, halitapotea. Akachovya ukucha katika wino wa zambarau. Kwaru, kwaru, kwaru, akaandika.

Rafiki yake Tumbili akachungulia. "Unaandika nini, shoga?"

"Habari za bibi yangu."

Tumbili akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye dawati, pu! "Bibi? Nani atampa bibi ushindi? Weka simba, utashinda."

"Lakini siku ile simba hakuwepo."

"Mwaka jana ilishinda hadithi ya simba. Mwaka juzi, simba. Weka simba, utashinda!"

Tunu akaweka simba. Simba alipoingia, bibi akakosa nafasi. Tunu akamfuta bibi mkia. Akamfuta miguu. Mwisho akamfuta mzima.

Siku ya shindano wazazi walijaa uwanjani. Bibi Somoe alitoka kwake alfajiri, kwa miguu yake, akaketi mstari wa mbele. Nyuma yake aliketi Mzee Simba, ambaye mwanawe alikuwa kidato cha kwanza. Alikuwa ameweka kofia magotini, ametulia.

Akasoma Sungura. Simba akaanguka shimoni, akafa. Makofi! Akasoma Kanga. Simba akanasa mtegoni, akafa. Makofi kidogo. Akasoma Tumbili. Simba akapaliwa na mfupa, akafa. Makofi hakuna. Wasomaji kumi, simba kumi, maiti kumi.

Tunu alikuwa wa kumi na moja. Akasimama, akafungua jani. "Palikuwa na simba..."

"NGRRRR!" Mzee Simba akasimama, kofia ikaanguka. "Nimeuawa mara kumi tangu asubuhi! Nimekuja kumwona mwanangu, jamani! Sasa huyu naye ataniua kwa kitu gani?"

Viringi! Tunu akajikunja, na jani lake ndani. Chwararaa! Likachanika vipande vipande.

Tumbili akapiga kelele, "Mpira huo! Nani anapiga penalti?" Watu wakacheka.

Mwalimu Korongo hakucheka. Akatazama kivuli cha mlingoti. "Kengele inakaribia. Asiye na jani hana hadithi."

Ndani ya mpira kulikuwa na giza. Kulikuwa na joto. Tunu akausikia moyo wake: du, du, du. Akajua kwamba hivi ndivyo mama yake alivyosikia siku ile ya moto. Akaanza kusimulia humo humo ndani.

"Mwaka wa moto mkubwa, bibi yangu Somoe alikuwa na mtoto mchanga. Alimbeba juu ya mkia. Moto ukaja. Bibi hakuwa na mbio. Akamvuta mtoto tumboni, akajikunja juu yake. Moto ukapita mgongoni kwa bibi. Mtoto alisikia du, du, du, basi. Moto ulipokwisha, bibi akakunjuka. Mtoto hakuungua hata ukucha. Bibi akabaki na magamba matatu meusi, hayang'ai mpaka leo. Yule mtoto ni mama yangu."

Sauti ilikuwa ndogo. Wazazi walisogea. Mzee Simba mwenyewe aliinamisha sikio.

"Manne," akasema Bibi Somoe.

Mpira ukatikisika. "Naam, bibi?"

"Magamba manne. La nne liko hapa, chini ya kwapa. Hujawahi kulihesabu. Ukiandika, andika sawasawa."

Tunu akakunjuka. "Nitaandika wapi, bibi? Jani limechanika."

Mzee Simba akatoka mbio, pa-pa-pa, akarudi na jani zima la mgomba mdomoni. "Andika, mwanangu. Mimi usinitie."

Kwaru, kwaru, kwaru. Mwalimu Korongo akaenda kwenye kengele. Kwaru, kwaru. Akainua rungu. Kwaru! Tunu akaandika "manne", akatia nukta, akakabidhi jani.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mwalimu Korongo akayasoma majani yote, amesimama kwa mguu mmoja. Akasema, "Majani kumi yana simba. Moja lina bibi. Hilo ndilo la ukutani."

Tumbili akamkimbilia Tunu. "Shoga, mwakani na mimi namwandika bibi yako!"

"Mwandike wako," akasema Tunu.

Bibi Somoe alikwenda ukutani. Akataka aonyeshwe neno "manne" liko wapi. Akaligusa kwa ukucha, akakaa nalo kidogo. "Haya," akasema. "Twende nyumbani tukale mchwa."

Enyi mnaotunga, na ninyi mnaowatuma watoto kutunga: msiandike kwa kukisia jaji anapenda nini. Andikeni mnachokijua, kilicho cha kwenu, na mkiandike kwa hesabu yake kamili.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mzee Simba alikuwa mmoja tu, na hakufa.