Nguchiro Asiyeshangilia Bao

Paukwa!

"Pakawa!"

Palikuwa na mpira?

"Ulikuwapo!"

Na wa kufunga mabao?

"Walijaa tele!"

Na wa kuwapasia?

"Mmoja tu, tena ana njaa!"

Basi huyo mmoja ndiye Nguchiro, kiungo. Alianza kuchezea Pundamilia, wakamwacha. Akaenda kwa Nungunungu, wakamwacha. Akaenda kwa Korongo, nako hakukaa. Si kwamba alicheza vibaya. Pu, pa, pu! Mpira ukitoka mguuni mwake ulifika ulikotumwa. Mwingine akafunga, mwingine akabebwa juu juu.

Na kwa kuwa kila timu ya bondeni iliwahi kuwa yake, Nguchiro hakushangilia bao hata siku moja. Mchezaji muungwana hashangilii mbele ya waliomlea. Bao likiingia, yeye huinamisha kichwa.

Uzeeni, goti likimlilia, akaangukia timu ya Ngiri. Kapteni Ngiri alikuwa mshambuliaji mwenye nguvu, mwenye mbio, mwenye tumbo. Na sheria ya bonde ilisema hivi: kipyenga cha mwisho kikilia, mchezaji wa timu iliyoshinda atakayefika kwanza kwenye chungu cha mihogo ya nazi ndiye mgawaji. Kila mara alifika Ngiri. Akigawa, husema, "Hiki changu, hiki changu, na hiki cha kapteni."

Ikaja fainali, Ngiri na Korongo. Nguchiro alijua ndiyo mechi yake ya mwisho. Harufu ya nazi ikavuka uwanja mpaka puani mwake.

"Ndugu yangu," akamwambia Kobe, kipa wao, "kweli nitastaafu bila kulamba hata mwiko?"

"Mimi nimeshazoea," Kobe akasema. "Kila nikifika, chungu kimeshaoshwa."

Dakika ya mwisho, pu, pa, pu! Nguchiro akapenyeza pasi, Ngiri akapiga, wavu ukalia fwaaa! Na kipyenga nacho: priiii!

Ngiri akainua mkia wima, akageukia chungu.

"Kapteni!" Nguchiro akaita. "Mashabiki wa kusini wanauliza bao kafunga nani. Wengine wanasema ni la Kobe."

"La nani?"

Puru puru puru! Ngiri huyoo, kusini. Akajipiga kifua, akabiringika, akarudi anahema.

"Kapteni, na wa kaskazini nao wanauliza."

Puru puru puru! Ngiri huyoo, kaskazini. Akavua jezi, akaizungusha, akarudi ulimi nje.

"Kapteni, kule mlimani kuna Twiga mmoja. Alikuwa ameangalia pembeni."

"Mbona wewe hushangilii?" Ngiri akauliza.

"Mimi? Nimewahi kuchezea Korongo, kapteni. Heshima."

Ngiri akapanda mlima, puru... puru... puru. Nguchiro akainamisha kichwa, akatoka uwanjani polepole, kwa huzuni kubwa, moja kwa moja mpaka chunguni.

Kwa kuwa ni kiungo, hakula peke yake. Aligawa kama anavyopasia: hiki cha kipa, hiki cha beki, hiki cha wa benchi. Kobe naye akafika, kwa mara ya kwanza maishani, chakula kikiwa bado cha moto.

Ngiri aliporudi, Nguchiro alikuwa anachechemea kwenda kwao.

"Hongera kwa bao, kapteni. Ukoko tumekubakizia."

Hadithi hii inatufundisha kwamba heshima ni shibe tosha, na mwenye nayo hahitaji mihogo. Aliyesema hivyo ni Nguchiro mwenyewe, akijifuta nazi mdomoni.

Nami nimekomea hapo. Uongo ni wangu, utamu ni wenu, ukoko ni wa kapteni.