Ngoma Magotini mwa Bartolomayo

Wapo watu wanaotaka jambo kubwa huku shingo zao zimekakamaa kama mti mkavu. Mzee Bartolomayo wa kijiji cha Zuzu alikuwa mmoja wao, mpaka pikipiki ilipomgonga mkewe, Zipora.

Zipora aliongoza muheme, ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huibana magotini. Wakubwa wa serikali walimwita kwenye kila mapokezi ya wageni, akapiga juani tangu asubuhi, akaambulia soda ya moto. Jeraha la ubongo lilipomnyang'anya usemi na nguvu za mkono wa kulia, hakuna hata mmoja wao aliyeleta pole. Tusisahau hilo.

Miezi minne alikaa kimya kama maji mtungini. Mumewe alimwogesha, akamlisha uji, akatamani mkewe amwite tu, hata kwa kumgombeza.

"Wimbo una njia yake kichwani, baba," alieleza Erica, mtaalamu wa tiba ya kuongea. "Aliyepoteza maneno huweza kuimba. Mpigieni ngoma yake, naye agonge kwa mkono wa kushoto."

"Wapigaji wenzake wanavuna. Tuwasubiri."

"Ubongo hausubiri mavuno. Piga wewe."

"Muheme ni ya wanawake, mwanangu."

"Na mke ni wa nani?"

Kesho yake mzee alikaa uani mbele ya Zipora, akaibana ngoma magotini, akainama. Jirani yake, Iddy, akachungulia juu ya ua.

"Mzee, tukuletee na kanga?"

"Lete mbili. Moja nijifunge, nyingine nifutie jasho."

Alipiga vibaya, kama mbuzi anayetembea juu ya bati. Siku kumi na moja watu walicheka. Siku kumi na moja Zipora alitazama ukuta. Siku ya kumi na mbili uso wake ukakunjamana. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukagonga paja kwa mapigo yanayotakiwa. Kisha sauti ikatoka, nyembamba kama uzi, ikiimba:

"Baba Raheli... waharibu ngoma."

Machozi yalimtiririka mzee, wala hakuacha kupiga. "Naharibu wapi, mama Raheli? Niimbie tena."

Akamwimbia tena. Mvua zilipofika, Zipora aliomba maji kwa kuimba, na kumgombeza mumewe bila kuimba kabisa.

Sauti hiyo isingemfuata Bartolomayo lau angebaki na shingo yake ngumu kwenye kiti cha heshima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.