Kanga ya Johari

Enyi hadhirina, wakubwa kwa wadogo, mlioketi na mliosimama, nawasalimu kwa heshima, nikiwaomba kwanza masikio, kisha hukumu.

Palikuwa na majirani watatu mjini Pangani. Mwatime alijua kupokea wageni: aliyeingia kwake hakutoka na njaa wala na nguo isiyonukia. Mbwana, fundi cherehani, alijaliwa masikio: aliusikia uzi kabla haujakatika. Mzee Chande, tarishi mstaafu, alijaliwa subira: enzi zake aliketi kizingitini hata nusu siku mpaka barua imfikie mwenyewe.

Jirani yao Bi Shemsa, mshona kofia, alikuwa akipoteza nuru ya macho. Daktari wa Tanga alimtaka afike kila Jumanne kwa miezi sita. Angekosa, nuru isingerudi. Lakini nyumbani alikuwa na Johari, paka mzee asiye na meno, aliyeachiwa na marehemu dada yake. Johari alilishwa kidogo kidogo kwa mkono, tena hakula pasipo na harufu ya Bi Shemsa.

"Nikimwacha kutwa nzima bila mtu," Bi Shemsa alisema, "nitakuwa nimetibiwa macho ili nikaone kaburi lake."

Jumanne ya kwanza akampeleka kwa Mwatime, pamoja na kanga kuukuu ya kumlaza. Mwatime akaipokea kanga ile kama apokeavyo nguo ya mgeni: akaifua, akaianika, akaifukiza udi. Johari akainusa, akarudi nyuma, akatoroka kupitia dirishani.

Mwatime hakuficha. Alitoka mtaani na kanga mkononi, akasema mbele ya watu, "Kosa ni langu. Nimeifua harufu ya mwenyewe." Kwa neno hilo wakajua paka anatafuta nini.

Mbwana akasimamisha cherehani, akauomba mtaa unyamaze. Hata muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Mbwana akatembea ameinamisha kichwa, mpaka akasikia mlio mwembamba ndani ya birika kavu, lile tangi la maji ya mvua lililochimbwa nyuma ya nyumba ya Mwatime.

Mzee Chande akateremka na kofia mpya aliyokabidhiwa na Bi Shemsa jana yake, ya kuvaa harusini kwa mjukuu. Ilikuwa haijavaliwa, bado ina harufu ya mikono iliyoishona. Akaitandika vumbini, akakaa kimya tangu adhuhuri hadi alasiri. Johari akaja, akaikandakanda kwa kucha, akala mkononi mwa mzee.

Bi Shemsa alirudi jioni, jicho moja limefungwa bandeji. Akasimuliwa yote, naye akampakata Johari.

"Jumanne ijayo mlete kwangu," akasema Mbwana.

"Kwenye cherehani ile?" akauliza Mwatime. "Atadhani pikipiki imeingia chumbani."

"Afadhali cherehani kuliko dobi."

"Dobi amekosea mara moja. Sasa nani aijuaye pua ya Johari kunishinda?"

Mzee Chande aliitazama kofia yake, nyuzi zimechomoka. "Kwangu hakuna kelele wala udi. Ila baada ya chakula cha mchana huwa nasinzia."

"Ukiwa umekaa, mzee wangu?" akauliza Mbwana.

"Hata nikiwa nimesimama, mwanangu."

Bi Shemsa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kufifia. Kisha akaivua kanga aliyojitanda safarini, akaikunja magotini.

"Johari ni mzee, hawezi kuzoea nyumba tatu. Hii nitaiweka kwenye mlango mmoja. Na kofia ya kwanza nitakayoishona macho yakipona, ni ya mwenye mlango huo."

Basi, hadhirina: mmoja alikosa akakiri, mmoja alisikia, mmoja alingoja na kutoa kofia yake. Angalikosekana yeyote kati yao, Johari angalikufa birikani. Jumanne inakaribia, na kanga ingali magotini. Je, wewe ungeiweka kwenye mlango wa nani?

Mimi jibu sikupewa. Nilipomuuliza aliyenisimulia kwanza, alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, akaendelea kushona kofia: naye, kwa jina lake la kweli, ni Bi Mwanahawa binti Shekue, wa Pangani.