Jina la Wodi ya Mtandawala

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzijuzi, palikuwa na mji ukiitwa Mtandawala, mji wa asali na mbao, na meya wake akiitwa Hemedi Likoko. Watu walimwita Mstahiki. Mkewe, Bi Tunu, alimwita Baba Zubeda, na hadithi hii ni ya huyo mkewe kuliko ilivyo ya meya.

Kila mwaka mvua zikiisha, Likoko alikuwa na wiki yake. Wiki nzima haketi ofisini. Anakwenda kwa watu: leo sokoni, kesho shuleni, keshokutwa kwa wazee wasio na wa kuwatunza. Anasalimia, anasikiliza, anakula alichopewa. Mwaka huo palikuwa na jambo la ziada. Wodi mpya ya wazazi ilikuwa imekwisha, imepakwa rangi, ukuta wa mbele umeachwa mtupu. Siku ya kwanza Likoko alisimama sokoni akasema, "Wodi hii haitaitwa kwa jina langu wala la mkubwa yeyote. Atakayeutendea mji wetu jambo kubwa kuliko wote wiki hii, jina lake ndilo litakaloandikwa. Mtu mmoja, jina moja."

Watu wakapiga makofi. Jioni akarudi nyumbani. Bi Tunu akamletea maji ya kunawa, akamwuliza, "Kulikuwaje sokoni?"

"Kuzuri. Muuguzi Yustina alikuwepo, anawapima watu presha bure. Ana mkono mwepesi yule, hata wakorofi wanatulia."

Bi Tunu akapakua wali.

Siku ya pili, "Kulikuwaje shuleni?"

"Kuzuri. Muuguzi Yustina kawafundisha watoto kunawa mikono kwa wimbo. Kautunga mwenyewe."

Bi Tunu akapakua ugali. Ila mwiko uligonga sahani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tatu, ya kwa wazee, hakuuliza kitu. Likoko akasema mwenyewe, tonge mdomoni, "Leo Yustina kapiga magoti chini akamkata mzee mmoja kucha za miguu. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

Mnasikia? Lile neno Muuguzi lilikuwa limedondoka njiani. Juzi alikuwa Muuguzi Yustina, leo Yustina mtupu. Roho ilimwuma Bi Tunu kama jino bovu linapoguswa na maji baridi.

"Ana mume?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa kucha."

"Sijamwuliza."

"Wiki nzima unauliza watu hali zao, hilo moja tu likakupita."

Likoko akacheka. "Mama Zubeda, unamwonea wivu mtu wa presha?"

"Mimi? Wivu wa nini? Kula, chakula kinapoa."

Lakini msimhukumu haraka. Bi Tunu aliolewa na Likoko wakati Likoko ni fundi baiskeli, hana hata pampu yake mwenyewe. Vitumbua vya Bi Tunu ndivyo vilivyomlisha, vikamsomesha Zubeda, vikalisha na wapiga debe wa uchaguzi wa kwanza. Sasa mume anazunguka mji mzima akiwasifu watu, na jina la mkewe halitajwi popote. Siku ya kufunga wiki Bi Tunu hupewa kiti cha mbele. Hupewa kiti, hapewi neno. Mke wa namna hiyo akisikia mwingine anasifiwa mezani kwake, juu ya wali alioupika yeye, mlitaka afanye nini?

Siku iliyofuata Likoko akasema, "Kesho tunakwenda msituni, kwa kina mama wa Bi Mwasiti wanaofuga nyuki."

Bi Tunu akaweka bakuli chini. "Nyuki? Umewaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mwaka tuliooana nyuki mmoja tu alikuuma, ukavimba koo, ukakaribia kufa."

"Meya aende kwa wafuga nyuki aseme anaogopa nyuki? Watanicheka mpaka uchaguzi ujao. Sijamwambia mtu na sitamwambia. Nitakaa mbali na mizinga. Halafu Yustina atakuwepo na mkoba wake wa dawa, nimemwomba aje."

Maneno ya mwanzo yalikuwa ya nyuki, ya mwisho yalikuwa ya Yustina. Bi Tunu aliondoka na ya mwisho tu.

Asubuhi, msafara ulipokwisha ondoka, akaoga. Akatoa gauni lake la arusi ya Zubeda, akalifukiza udi mpaka likalewa. Akajipaka marashi ya waridi shingoni na viganjani, akaongeza, akapachika asmini kwenye nywele. Akajitazama kiooni akasema, "Nitakwenda nikaone kwa macho yangu huo mkono mwepesi." Akapanda bodaboda. Mwenye pikipiki alipiga chafya njia nzima.

Kule msituni kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Likoko amewekewa kiti mbali kidogo, Yustina amesimama nyuma yake na mkoba. Bi Mwasiti, aliyekuwa akirina asali tangu usichana wake, alikuwa akibishana kwa sauti ya chini na ofisa wa ziara. "Nyuki hawafunguliwi jua la utosi. Wanakuwa wakali. Ngojeni jioni."

"Jioni Mstahiki ana kikao," ofisa akasema. "Na nyinyi mnataka barabara au hamtaki?"

Walitaka barabara. Bi Mwasiti akavaa kofia yake ya wavu, akawasha bomba la moshi, akafungua mzinga.

Bi Tunu alikuwa amefika, amejibanza nyuma ya wanawake, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi. Akaona kila kitu. Aliona mumewe akisema jambo na Yustina akitabasamu. Kisha akaona Yustina akinyoosha mkono, polepole, akamtoa Likoko jani begani, kama mke anavyomtoa mumewe jani begani.

Hapo miguu yake haikumwomba ruhusa. Alinyanyuka, akakata katikati ya mikeka kumwendea mumewe, na njia ya mkato ilipita ubavuni mwa mzinga uliokuwa wazi. Udi, waridi na asmini vikapita pamoja naye.

Nyuki wakatoka kama moshi mweusi.

Watu walitawanyika, ofisa akiwa wa kwanza. Likoko alisimama, akapiga hatua, akaanguka. Bi Mwasiti ndiye aliyemkimbilia wakati wengine wanamkimbia. Alivua kofia yake ya wavu akamvika yeye, akamlalia kwa mwili wake, kisha akamburuta kwapani huku akipuliza moshi kwa mkono mwingine, mpaka barabarani kwenye gari. Alipomwachia, uso wake mwenyewe ulikuwa hautambuliki, macho yamefungika kwa uvimbe.

Yustina akapiga magoti. Meya anahema kwa tabu, amelegea, jasho linamtoka. "Kaumwa na mmoja tu. Ni jua na hofu," akasema. "Mpepeeni, leteni maji." Akaanza kumfungua vifungo.

Ndipo Bi Tunu akafika, naye ameumwa mikononi na shingoni palepale pa marashi. Akamwona mwanamke yule mikono yake iko kifuani mwa mumewe. Kwa kitambo kidogo alisimama tu. Alijua jambo ambalo yule halijui, na yule ndiye pekee aliyeweza kulifanyia kazi.

"Yustina," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo. "Si jua. Ni nyuki. Damu yake haiwavumilii. Koo linajifunga, anakufa."

Yustina hakuuliza mara mbili. Akafungua mkoba, akatoa sindano, akamchoma pajani. Wakangoja. Likoko akavuta pumzi moja ndefu yenye mluzi, kisha nyingine, na ya tatu haikuwa na mluzi.

Siku ya kufunga wiki ilipofika, mji mzima ulijaa mbele ya wodi mpya. Mchoraji alikuwa juu ya ngazi na brashi yake. Likoko alikaa, midomo bado minene, akasema, "Watu wangu, nilisema jambo kubwa la wiki. Nyinyi semeni."

Wakajibu, "Jambo kubwa ni kwamba uko hai. Aliyekuokoa na aandikwe." Na hapo ubishi ukaanza, maana waliomwokoa walikuwa watatu na ukuta ulikuwa mmoja.

Bi Mwasiti akaletwa akishikwa mkono na binti yake, maana macho hayajafunguka. Akasema, "Mimi siwaoni mnaonitazama. Ningebaki na kofia yangu ningewaona. Nilimvika yeye. Sindano haichomwi mtu aliyeachwa chini ya nyuki, na siri haina faida kwa maiti. Niandikeni mimi."

Mtu akapaza sauti, "Nyuki ni wako, na ulifungua mzinga saa mbaya."

"Niliwaambia ngojeni jioni. Na wangetulia kwa moshi, isipokuwa palipita marashi ya waridi. Aliyejipaka anajijua."

Watu wote wakamgeukia Bi Tunu. "Ni kweli," akasema. "Nilijipaka."

Yustina akasema, "Mimi nilibeba dawa ile kwa sababu nilisikia tunakwenda kwa nyuki. Hakuna aliyeniagiza niibebe. Bila dawa, kuburutwa na kuambiwa vingekuwa vya mazishi tu. Niandikeni mimi."

"Lakini ulikuwa unampepea," Bi Mwasiti akasema. "Na begani mwake ulitoa nini?"

"Hakikuwa kitu. Alikuwa nyuki mmoja. Nilimbinya asimwume."

Bi Mwasiti akageuza uso wake uliovimba kuelekea sauti ile. "Nyuki akibinywa, wenzake husikia harufu yake wakaja."

Bi Tunu akasikia yote. Jani lake halikuwa jani. Akamtazama Yustina, akatazama mikono yake mwenyewe yenye madonda, akasimama. Kwa mara ya kwanza siku ya kufunga wiki, akapewa neno.

"Wivu ndio ulionipeleka msituni," akasema. "Mke asiye na wivu angekuwa nyumbani akichambua mchele, na siri ya mumewe angekuwa nayo hukohuko, mume akipepewa mpaka akate roho. Nilimsababishia, sikatai. Nilimwokoa pia, na nyinyi msikatae. Lakini mimi ni mkewe. Mkiniandika mtasema meya kajipa mwenyewe. Basi jina silitaki." Akaugeukia ukuta. "Ninachotaka ni lisiwe la Yustina."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala Yustina hakucheka.

"Nimejua sasa kwamba hakuna kitu kati yao," Bi Tunu akaendelea. "Nimejua, na moyo bado haujataka kujua. Nitaingia wodi hii kumwuguza binti yangu akijifungua. Nitalisoma jina hilo juu ya mlango. Mniambie nitalisomaje."

Mchoraji akashusha brashi, akamtazama Likoko. Likoko akamtazama mwanamke asiyeona kwa ajili yake, akamtazama mwanamke aliyemrudishia pumzi, akamtazama mwanamke aliyeishi naye tangu hana pampu. Naye alijua kwamba angesema tu, "Nyuki hunidhuru," hata mmoja kati yao asingeumia. Akasema, "Nipeni mpaka kesho."

Kesho hiyo imepita, na nyingine nyingi zimepita. Wanawake wanajifungua ndani ya wodi ile, watoto wanalia, na ukuta wa mbele ungali mtupu. Kila anayepita anasimama kubishana, na mpaka sasa hawajakubaliana.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, ngazi iko palepale na brashi ni hii hapa. Aliyetoa macho yake, aliyetoa dawa yake, au aliyetoa siri kwa mwanamke aliyemchukia: je, ni yupi aliyestahili jina?