Samaki Aliyelala Chini ya Nyufa

Paukwa!

Pakawa!

Mh! Hiyo pakawa ya wenye njaa. Na nyie wakubwa mliojificha nyuma, midomo mmeiazima? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na samaki, na samaki walikuwa na maneno. Maneno yenyewe yalimhusu Bi Kamongo, samaki mrefu mwenye mapezi membamba kama kamba. Kila mara alipanda juu, akatoa mdomo nje, akavuta hewa: hwaaa! Kisha akarudi chini.

"Ona haya, bibi!" akasema Perege, mkuu wa bwawa. "Samaki gani anapumua kama mbuzi?"

"Samaki mwenye mapafu," akajibu Bi Kamongo. "Nisipopanda juu, nakufa maji."

Wote wakacheka, kwa kwa kwa! Samaki afe maji! Toka siku ile wakamsukumia pembeni, akakae kwenye tope. Iliuma jamani, iliuma. Lakini kichwa hakukiinamisha. "Hivi ndivyo nilivyozaliwa," akajiambia, "na mama hakukosea."

Sasa sikilizeni. Bwawa lile lilikuwa na mila yake. Mwenye bwawa ni yule anayekutwa ndani tone la kwanza la mvua likianguka; wakikutwa wawili, ni la aliyetangulia kuingia. Chura alipiga mbiu mara tatu: nani yumo? Miaka yote samaki walikuwamo. Nani angewaza vingine?

Mwaka ule jua likawaka. Likawaka, likawaka. Maji yakapungua, yakashuka, yakabaki ya kulowesha kidole. Perege akaona mfereji wa kwendea mtoni nao unakauka. "Twendeni mtoni!" akapiga kelele. "Tutarudi mvua ikinyesha!"

"Na mvua ikikuta bwawa tupu?" akauliza Bi Kamongo.

Ukingoni alijilaza Kenge, mla mayai, mla vitoto vya samaki. Anajiramba. "Nendeni salama," akasema. "Nitawatunzia."

Perege akawaza. Bwawa likiwa la Kenge, watoto wao watazaliwa wapi? Lakini nani wa kubaki? Samaki akikosa maji si ni kitoweo?

"Nabaki mimi," akasema Bi Kamongo.

"Utakufa, bibi."

"Mama hakukosea. Nendeni."

Wakaenda. Bi Kamongo akauma tope, akatema. Akauma, akatema. Akazama, akazama. Huko chini akajikunja, mkia akafunikia macho. Akatoa ute, ukakauka mwilini kama shuka. Akaacha kitundu kimoja tu, cha kuvutia hewa kwa mdomo ule ule walioucheka.

Tope likakauka, likapasuka nyufa. Masika yakaja bila mvua, yakapita. Chakula hakuna, mwili wake ukajila wenyewe, polepole, nyama kwa nyama. Juu yake alisikia nyayo za Kenge, chakacha, chakacha, na hofu ikamshika kweli kweli. "Mama hakukosea," akajiambia. Akalala tena.

Siku moja mbingu ikanguruma. Kenge mbio mpaka katikati ya bwawa, tumbo chini. Tone la kwanza likaanguka: to!

"Nani yumo?" Chura akapiga mbiu.

"Nimo mimi!" akasema Kenge.

"Nani mwingine yumo?"

Mvua ikamwagika, pwaaa! Maji yakaingia kwenye nyufa.

"Mara ya mwisho! Nani mwingine yumo?"

Ardhi ikatikisika chini ya tumbo la Kenge. Ikavimba. Ikapasuka.

"Nimo mimi! Na wewe umenilalia kichwani, ondoka!"

"Mwongo!" Kenge akaruka. "Umeingia sasa hivi!"

"Nimepitia wapi, na mlangoni ulilala wewe?"

Chura akaangalia shimo. Akaangalia lile shuka la ute, bado linaning'inia mgongoni kwa Bi Kamongo. "Huyu alikuwamo kabla yako," akasema. "Bwawa ni la samaki." Kenge akakusanya mkia wake, akaenda zake.

Mto ukafurika, mfereji ukafunguka. Perege akarudi na wenzake, roho mkononi. Wakamkuta Bi Kamongo amekonda kama mkanda, lakini yuko katikati ya bwawa, si pembeni.

"Shikamoo, bibi," akasema Perege kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Ngoja kwanza."

Akapanda juu, taratibu, wote wanamtazama. Akatoa mdomo nje: hwaaa! Hakucheka mtu. Perege akawageukia watoto wake: "Sogeeni huko! Mpisheni bibi apumue."

Basi, msimcheke mwenzenu kwa alivyoumbwa. Na wewe unayechekwa, nyanyua kichwa. Mama yako hakukosea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye nzuri kuliko hii aitoe, asiye nayo akalale.